Mwongozo kwa anayetaka kuishi kwa kutembeza wageni Arusha mjini

Ukimwambia mtu wa Arusha kwamba wewe ni mwongoza watalii, swali linalofuata ni unaendesha gari la kampuni gani. Vichwani mwetu utalii ni Land Cruiser, darubini na Serengeti. Mji ni pa kununulia maji ya chupa na kulala usiku mmoja kabla ya kuondoka alfajiri. Kwa hiyo wengi wanaotembeza wageni mjini kwa miguu wanafanya kazi hiyo jicho likiwa kwenye usukani. Wakipata gari, wanahama.

Sina ugomvi na wanaohama. Lakini mji unamlisha anayeutaka, na mtaji wake si mkubwa: viatu, leseni, kichwa kilichosoma na uso unaojulikana mtaani. Huo uso ndio unaochukua muda mrefu kuupata, na ndio watu wanauruka wakikimbilia kutengeneza tovuti. Karatasi za serikali zinakupa ruhusa ya kuongoza. Ruhusa ya kupita sokoni na wazungu sita bila kutukanwa unaipata kwa watu wa sokoni wenyewe.

Hatua ya kwanza: itembee njia yako bila mgeni

Njia ya kawaida inaanzia kipilefti cha Mnara wa Saa, inafuata Barabara ya Boma hadi lile boma la Wajerumani ambalo leo ni Makumbusho ya Historia Asilia, inapita kwenye majengo ya AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, kisha inashika Makongoro hadi Mnara wa Azimio na makumbusho yake. Kutoka hapo unapita karibu na uwanja wa Sheikh Amri Abeid, unaingia Soko Kuu, unarudi kwa Barabara ya Sokoine. Kwa mgeni anayeuliza maswali na kupiga picha hesabu saa tatu, nne mkikaa kula.

Itembee asubuhi, itembee saa nane mchana, itembee Jumapili maduka yakiwa yamefungwa. Andika choo safi kiko wapi na nani ana ufunguo. Andika mtaro gani hauna mfuniko, kivuko gani madereva wanakiheshimu na kipi kimechorwa tu. Andika kivuli. Arusha iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, hivyo hewa ya baridi inamdanganya mgeni, jua linamchoma shingo bila yeye kujua. Juni na Julai ni kinyume chake: asubuhi kuna ukungu na manyunyu, na aliyefungasha kaptula tupu kwa sababu anakuja Afrika anatetemeka mbele yako. Mwambie siku moja kabla abebe sweta.

Mlima Meru, mita 4,562, unaonekana vizuri asubuhi mapema. Wingu likishaushukia, huenda usiuone tena mpaka jioni. Ukianza saa mbili na nusu, anza na mlima. Mnara wa Saa haukimbii.

Hatua ya pili: zijue hadithi, na ujue zinaishia wapi

Karibu kila anayetembeza watu hapa anawaambia kwamba Mnara wa Saa uko katikati kabisa kati ya Cairo na Cape Town. Inapendeza, wageni wanapiga picha. Halafu siku moja anakuja mwalimu wa jiografia aliyestaafu, anafungua ramani kwenye simu. Cairo iko nyuzi 30 kaskazini, Cape Town karibu nyuzi 34 kusini. Kati yake ni kama nyuzi 2 kusini, na Arusha iko nyuzi 3 na kitu. Mpaka hapo unapumua. Lakini akipiga mstari ulionyooka kati ya miji hiyo miwili, nusu yake inaangukia Kongo, zaidi ya kilometa elfu moja magharibi yetu. Wewe unabaki umesimama na mwavuli wako.

Dawa yake si kuiacha hadithi. Iseme hivi: Waingereza walikuwa na ndoto ya njia kutoka Cape hadi Cairo, na watu wa hapa wanasema nusu ya safari ni hapa. Hiyo hakuna wa kukupinga, maana ni kweli wanasema. Kisha mpe iliyo imara. Mnara ulitolewa mwaka 1945 na Christos Galanos, Mgiriki, jina ambalo watu wa Tanga wanalijua kwa shule ya sekondari. Hapo unafungua habari ya walowezi wa Kigiriki, mkonge na kahawa, na mgeni anaanza kuona kwamba mji huu haukujengwa na Wajerumani na Waingereza peke yao.

Kwenye Boma usikimbie. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, upande wa Meru. Wajerumani wakaja na askari, wakaua, wakachukua ng'ombe, na kufikia mwaka 1900 boma lilikuwa limesimama, kwa nguvu za Waarusha waliofanyishwa kazi kwa lazima. Kundini mwako mara nyingi yupo Mjerumani. Usimshitaki, usimfichie. Eleza kwa sauti ileile uliyoelezea mlima. Nimeona waongozaji wanaolainisha sehemu hii kwa kuogopa kupoteza tipu, na nadhani wanakosea hata kwa hesabu ya tipu: aliyelipa kutembea badala ya kulala hotelini amekuja kusikia.

AICC wengi wanaipita wakisema "hapa panafanyika mikutano", basi. Ni kupoteza mali. Majengo yale yalijengwa kuwa makao ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, iliyovunjika mwaka 1977. Arusha ndipo ulipotiwa saini mkataba wa amani wa Rwanda, Agosti 1993, miezi michache kabla ya mauaji ya kimbari. Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyoyahukumu ikaketi humohumo AICC mpaka ilipofungwa Desemba 2015. Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, na ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ulimwengu mzima unasoma kesi hiyo vyuoni, na ilisomwa hapa, hatua chache kutoka wanapouza miwa. Uliza kwanza kama kuna Mnyarwanda kwenye kundi. Akiwepo, punguza maneno, na usimwombe ashuhudie mbele ya wengine.

Azimio la Arusha, lile la ujamaa na kujitegemea, nalo lina mtego. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa mwishoni mwa Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na jengo la mkutano, pale Kaloleni, ndilo makumbusho ya leo. Mgeni atakuuliza: lilishindwa? Mzee aliyesomeshwa bure na mzee aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa kwa nguvu watakujibu tofauti, na wote wawili wako hai mjini. Mpe majibu yote mawili. Ongeza Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, lililolegeza masharti ya uongozi, kiongozi akaruhusiwa hisa na nyumba ya kupangisha. Usigeuze makumbusho kuwa jukwaa la chama chochote. Leseni yako haina siasa, na anayekusikiliza si wazungu tu, hata mlinzi wa getini anakusikia.

Mwenye hamu ya zaidi msimulie kesi ya ardhi ya Wameru. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwatoa familia kwa familia Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi mashamba, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi wakati ule, lakini habari ilienea Tanganyika nzima. Hii haina mnara wa kupigia picha kwenye njia yako, kwa hiyo isimulie mkiwa mmekaa.

Hatua ya tatu: pata ruhusa ya mtaa

Hapa ndipo kazi ilipo. Kabla hujaingiza mgeni Soko Kuu, nenda wewe mwenyewe, ununue, tena siku mbalimbali, kwa watu walewale. Chagua vituo vichache: mama wa ndizi, mzee wa viungo, fundi wa makobazi ya tairi, kijana wa parachichi. Waambie unachotaka kufanya. Wengine watakataa. Heshimu, pita pembeni.

Mazungumzo ya kawaida, siku ya kazi, ni kama haya:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hawa wananunua, au ni wa picha tu?"

"Wananunua mama. Picha wataomba."

"Haya. Ila wasimpige huyo aliyelala, kakesha na mzigo kutoka Moshi."

Angalia alichofanya. Ameuliza faida yake, amekubali, na ametaja mpaka. Kazi yako ni kugeuka na kuutafsiri mpaka huo kwa wageni bila kuulainisha: huyo aliyelala hapigwi picha. Kisha waonyeshe ndizi. Mgeni anajua ndizi moja ya njano, na mbele yake ziko za kupika, za kuchoma, za kuivisha, na zile zinazoishia kwenye mtori (supu ya ndizi) au mbege (pombe ya ndizi). Nunua mkungu mdogo, wale palepale. Mama amepata hela, wageni wamepata kitu cha kushika mkononi, kamera zimeshuka zenyewe. Bei usimpangie mama, na usimwombe akupandishie ili mgawane. Siku mgeni akijua, na siku hizi bei anaiulizia kwenye simu, mmeharibikiwa wote wawili.

Pale Mnara wa Saa utawakuta vijana wa michoro, bangili na ramani. Walikuwepo kabla yako. Mwongozaji mgeni mtaani huwafukuza kwa ukali ili aonekane mlinzi, na kesho yake wanamfuata mpaka Boma wakimwimbia. Wewe wasalimie kwanza, kabla ya wageni kufika. "Oya chalii yangu, hawa niachie mpaka saa sita, nawarudisha hapahapa, wataangalia kwa utulivu." Saa sita warudishe kweli. Wape wageni dakika tano na uwaambie kununua si lazima. Ahadi hii ikivunjwa mara moja tu, haitakubalika tena.

Tanzanaiti ni habari nyingine. Inachimbwa Mererani peke yake duniani, jiwe lililoanza kujulikana mwaka 1967, na mgeni analijua jina kabla hajatua uwanja wa ndege wa KIA. Jiwe la mfukoni la barabarani usilishuhudie, hata la rafiki yako. Mpeleke duka lenye leseni linalotoa risiti na cheti, ukae nje ya mazungumzo ya bei. Kuhusu kamisheni za maduka ya vinyago: ipo, wengi wanaishi nayo, na sitajifanya malaika. Ushauri wangu ni kwamba duka lisipangie njia yako. Ukishaona umepunguza dakika za Azimio ili uwahi vinyago, umeshakuwa mpiga debe wa duka.

Jambo dogo la mwisho hapa. Kama si Mmasai, usivae shuka na rungu ili upendeze kwenye picha. Mji umepewa jina la Waarusha, wapo, na wanakuona.

Hatua ya nne: karatasi

Kuongoza watalii kwa malipo kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na inatolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii. Hata wa miguu, hata wa mjini. Ukifungua biashara yako, sajili jina BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua namba ya mlipa kodi (TIN) ya TRA, kisha fuatilia leseni. Ada hubadilika, zisome kwenye mfumo wa Wizara, usimsikilize mtu wa kijiweni. Amri ya mwaka 2025 imeiweka kazi ya kuongoza watalii kwenye orodha ya biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia, kwa hiyo nafasi ni yetu. Kanuni za mwaka huohuo zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni: bei yako iandike kwa shilingi.

Mafunzo yapo hapahapa. Chuo cha Taifa cha Utalii kina kampasi Arusha, na VETA wana chuo cha hoteli na utalii Njiro. Cheti kinasaidia kwenye leseni na kwa mwajiri. Ongeza kozi ya huduma ya kwanza, ambayo Msalaba Mwekundu hufundisha. Kwenye njia ya mjini hatari kubwa ni pikipiki na mitaro, wala si simba.

Hatua ya tano: lugha

Kiingereza ni lazima, na kiwe cha kusimulia, si cha kuomba samahani. Lugha ya pili ndiyo inayokutofautisha: Kijerumani, Kifaransa, Kihispania au Kichina. Chagua moja uisome miaka miwili, uachane na salamu za lugha kumi. Na Kiswahili usikidharau: makundi ya shule, wajumbe wa mikutano kutoka Dar na Dodoma, na majirani wa Kenya ni wateja pia, na wanakamata kosa lako la historia haraka kuliko Mzungu.

Hatua ya sita: bei

Tuseme unatoza shilingi 60,000 kwa kichwa na una wageni watatu. Hiyo 180,000 inapendeza kwenye simu. Toa tiketi za makumbusho mawili, ambazo mgeni wa nje analipa zaidi ya Mtanzania. Toa chakula cha mama lishe, ndizi, maji, na kamisheni ya mtandao au hoteli iliyowaleta. Toa pia akiba ya leseni ya mwakani, ambayo wengi wanaisahau mpaka Desemba. Kinachobaki ndicho mshahara, na mara nyingi hakifiki nusu. Sema kabla ya kuanza kama tiketi zimo ndani ya bei au hazimo. Ugomvi mwingi wa mlangoni unatokana na hilo.

Kuna mtindo wa matembezi ya bure, mgeni anatoa anachopenda mwisho. Ulaya unafanya kazi kwa sababu kundi lina watu ishirini. Hapa ukipata wanne ni siku nzuri, na mama wa ndizi halipwi kwa tipu. Siupendekezi.

Wageni unawapata wapi

Usisimame Mnara wa Saa kuwavizia. Wageni wa kutembea mjini wana tabia moja: wana nusu siku isiyo na kazi. Wapo waliofika jioni na safari inaanza keshokutwa, walioshuka Kilimanjaro au Meru wanaosubiri ndege, wajumbe wa AICC mkutano ukiisha Ijumaa mchana, na vijana wanaojitolea waliopanga Sakina au Njiro. Kwa hiyo zungumza na wanaowashikilia hao: mapokezi ya hosteli na lodji, na kampuni ndogo za safari ambazo hazina mtu wa mjini. Kampuni inafurahi ikipata wa kumkabidhi mgeni siku tupu kwa uhakika kwamba hataibiwa mteja. Ukipewa mgeni wa kampuni, usimpe namba yako ya simu ili umuuzie safari mwenyewe. Mji mdogo huu.

Maoni ya Google Maps na TripAdvisor ndiyo barua zako za utambulisho. Yaombe siku hiyohiyo, kabla mgeni hajazama Ngorongoro kusiko na mtandao.

Maisha ya kazi yenyewe

Miezi ya kujaa ni Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Aprili na Mei mvua za masika zinashuka, simu inanyamaza. Wenye akili wanaitumia miezi hiyo kusoma lugha, kukarabati njia na kutengeneza njia ya pili. Tengeru inafaa: soko kubwa la Jumatano na Jumamosi, na makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi, ambao maelfu yao walihifadhiwa pale wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kijiji cha Ng'iresi nacho kimo kwenye mpango wa utalii wa kitamaduni tangu miaka ya 1990, unaweza kuingia ubia na wenyeji badala ya kuwaanzishia ushindani.

Mwaka wa kwanza wengi ni vibarua: kampuni inakuita, inakulipa kwa siku. Kubali, lakini andika kila kundi, lilitoka wapi, liliuliza nini. Baada ya misimu miwili mitatu utaona maswali yanajirudia, na hayo ndiyo yanakuonyesha ubobee wapi: chakula, historia ya ukoloni, kahawa, picha. Mwongozaji wa chakula anayejua loshoro ya Waarusha (mahindi na maziwa mgando) na kiburu cha Wachaga (ndizi na maharage) anatoza zaidi ya anayejua kila kitu kidogokidogo. Wengine wanafungua kampuni yao, wengine wanaishia kufundisha chuoni, na wengine, ndiyo, wanachukua usukani. Ukiajiri msaidizi, mpe nauli na chakula tangu siku ya kwanza ya kujifunza, na umtambulishe sokoni wewe mwenyewe. Usimtume peke yake na jina lako.

Kuongea kutwa na kusimama juani kunachosha sauti na magoti. Viatu badilisha kabla soli haijaisha, si baada. Ukiajiriwa, uliza michango ya NSSF kabla ya kusaini. Ukijiajiri, NSSF inapokea pia waliojiajiri: weka mchango Agosti, makundi yanapofuatana, maana Aprili hiyo hela hutaiona.